Maswali ambayo wasanii wa Dodoma mnaniuliza kila wiki

Mbukwenyi wandugu. Mimi ni mchoraji, nilianza kwa kuandika vibao vya saluni na vibanda vya chipsi, sasa hivi nachora kuta na picha za fremu, kibanda changu kipo Chang'ombe hapa hapa Dodoma. Simu yangu imejaa voisi za wadogo zangu wanauliza yale yale, na karibu yote yanaishia kwenye hela, kwa hiyo nimeamua niyajibu kwa mkupuo. Mengi ni ya wachoraji maana ndo ninakokujua, ila watu wa ngoma na wachongaji mtaokota yenu humo humo.

Ni lazima nihamie Dar ndo nitoke?

Hapana. Dar kuna Nafasi Art Space pale Mikocheni, ipo tangu 2008, kuna maonyesho, kuna wasanii wa kila aina, ukipata nafasi ya kwenda kukaa kidogo ujifunze nenda kabisa. Na tangu treni ya SGR ianze 2024 safari yenyewe imekuwa rahisi, unaondoka asubuhi mchana upo Dar na picha zako hazijakunjika, sio zile za kushinda kwenye basi umekumbatia fremu kama mtoto mchanga. Ila kwenda ni kitu kimoja na kuhamia ni kitu kingine. Kule utalipa pango kubwa halafu ugombanie mteja mmoja na watu mia, wakati huku serikali imeanza kuhamia kwa kasi tangu 2016, majengo yanaota Iyumbu, Ilazo, Nala mpaka Mtumba, na kila jengo jipya lina kuta nyeupe tupu.

Mteja wangu wa kwanza wa maana hakuwa mzungu wala bosi wa Dar. Alikuwa mama mmoja ana lodge ya vyumba kumi na viwili, anataka kila chumba kiwe na picha ya kitu cha huku: zabibu, mbuyu, ng'ombe, tembe. Picha kumi na mbili kwa mpigo! Na alinijua kwa sababu tu niliwahi kumwandikia mdogo wake kibao cha duka, nikakimaliza siku niliyosema.

Bei naipangaje?

Hili ndo swali lenyewe, mengine yote ni wajukuu wake.

Kwa miaka kama minne nilikuwa nauza picha ya sentimita 60 kwa 90 kwa shilingi 70,000 na najiona mjanja kweli. Siku moja shemeji yangu, muuza mbao, akaniuliza "hiyo sabini umeitoa wapi?" Nikakosa jibu. Tukakaa tukaandika juu ya boksi la rangi. Kitambaa cha marekani pamoja na rangi nyeupe ya kukipaka kwanza, 6,000. Fremu ya seremala 12,000. Rangi 18,000. Bodaboda kwenda na kurudi 4,000. Hapo ni 40,000. Kibanda nalipia 60,000 kwa mwezi na kwa mwezi nilikuwa natoa picha kama sita, kwa hiyo kila picha inabeba 10,000 ya pango. Tushafika 50,000 na mimi mwenyewe sijajilipa hata mia, na picha inanila siku tatu nzima. Yaani siku tatu nilikuwa najilipa 20,000. Kijana anayebeba zege Iyumbu ukimwambia hiyo hela kwa siku tatu anakuachia toroli hapo hapo.

Shemeji alicheka mpaka akakohoa.

Sasa hivi nafanya hivi: natoa gharama zote, pamoja na zile zinazojificha kama vocha na brashi zinazokufa, halafu naongeza siku zangu. Siku moja niliiwekea 25,000 wakati ule, kwa hiyo siku tatu 75,000, jumlisha na ile 50,000 unapata 125,000. Hiyo sio bei, hiyo ni sakafu, chini ya hapo unamlipa mteja ili akuruhusu kumchorea. Juu ya sakafu ndo unaongeza ya haraka, ya umbali, ya jina lako likishakua.

Nilipopandisha, wateja wawili walinikimbia, wengine hawakushtuka hata kidogo, na hapo ndo nilijua tatizo lilikuwa kinywa changu. Nilikuwa nataja bei huku naangalia chini halafu naongeza "ila tutaongea". Hiyo "ila tutaongea" ilikuwa inanikata elfu ishirini kila mara, na mteja hata hakuwa ameomba. Taja bei, nyamaza, acha na yeye ahangaike.

Na ndugu na marafiki je? Wanasema "tufanyie kishkaji"

Mimi kwa ndugu nimeweka mambo mawili tu, zawadi kamili au bei kamili. Harusi ya binamu nachora bure na nafurahi, ila nusu bei sifanyi, maana nusu bei haimridhishi yeye na wewe inakuumiza. Wale wa "jina lako litaonekana" ni rahisi zaidi, waulize tu kama muuza maji ya kunywa na wenye viti nao wanalipwa kwa kuonekana.

Advansi nichukue kiasi gani?

Nusu, kabla hujanunua hata brashi. Kwa ukuta mkubwa nagawa mara tatu: nusu mwanzo, asilimia 30 kazi ikifika katikati, 20 siku ya kukabidhi. Hii sikusoma popote, nilijifunza kwa machozi.

Kuna mgahawa mmoja mkubwa hapa mjini, siutaji. Mwenyewe alinipenda, tukakubaliana kwa mdomo 900,000, akanipa 200,000 ya rangi, nikapanda ngazi. Siku tisa. Nilichora wamama wa Kigogo wanapiga ngoma yao ya muheme, wamekaa mstari, ngoma kila mtu kaibana katikati ya magoti, mmoja katikati kainua uso anaimba, ule uso peke yake ulinila siku mbili kwa sababu nilikuwa namkumbuka bibi yangu. Nimemaliza, naambiwa meneja kabadilishwa. Meneja mpya anasema "mimi sikukutuma kazi". Mwenyewe simu hapokei. Baada ya mwezi na kidogo napita pale kwa boda, namwona fundi yupo juu ya ngazi na roli ya rangi ya krimu anafuta ukuta kutoka juu kushuka chini, uso umeshakwenda, imebaki mikono miwili na ngoma. Nikamwambia boda asimame. Fundi akanisalimia vizuri tu, hajui chochote masikini, ananiuliza kama nataka meza ya nje au ndani.

Sikuwa na karatasi. Sikuwa na hata meseji. Kwenda kudai ningesema nini?

Kwa hiyo mkataba ndo unaandikwaje? Mpaka wakili?

Kwa kazi kubwa sana tafuta wakili. Kwa kazi zetu hizi ukurasa mmoja wa Kiswahili unatosha: majina ya wote na nani hasa anayelipa (hapo ndo mimi nilipopigwa), kazi yenyewe na ukubwa wake, bei, tarehe za malipo, tarehe ya kumaliza, marekebisho ni mara ngapi bure, na nani ananunua rangi. Ongeza sentensi moja ya nini kitatokea akighairi katikati. Mimi naandika marekebisho mawili bure, la tatu linalipiwa, kwa sababu kuna mtu aliwahi kunibadilishia rangi ya shati la marehemu baba yake mara saba.

Kama mteja ni wa kuogopa karatasi, na huku wapo wengi, wanaona kama unawatuhumu wizi, basi mtumie WhatsApp: "Habari bosi, kama tulivyoongea leo, nitachora ukuta wa mita 4 kwa 3, bei ni kadhaa, nusu kabla ya kuanza, nathibitisha tukubaliane." Akijibu "sawa" usiifute hiyo meseji mpaka uzeeke. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ujumbe wa simu unaweza kutumika kama ushahidi, sio porojo tena.

BASATA, COSOTA, BRELA, TRA... nachanganyikiwa, naanzia wapi?

Kila mmoja ana chake. BASATA ni Baraza la Sanaa la Taifa, lilianzishwa kwa sheria ya 1984, ndo linalokusajili kama msanii au kikundi na kutoa vibali. Ukiwa wa filamu, wako ni Bodi ya Filamu. COSOTA ni hakimiliki, yaani kazi ni ya nani. BRELA ni jina la biashara, ukitaka kuitwa "Fulani Arts" na ufungue akaunti ya benki kwa jina hilo. TRA ni TIN, yaani namba ya mlipa kodi, na TIN haiuzwi, ni bure, ukiambiwa ulipe na mtu wa stationery hiyo ni hela ya kukujazia fomu tu.

Ukitaka kuanza bila kuzunguka sana, nenda kwanza kwa afisa utamaduni wa halmashauri yako. Wasanii wengi hawajui kama yupo. Mimi nilikaa miaka sita mjini hapa bila kujua ana ofisi, na siku nilipoenda nikakuta ana orodha ya vikundi vya kualikwa kwenye sherehe na mapokezi, mchoraji hata mmoja hayumo.

Mtu kachukua picha yangu kaweka kwenye tisheti, nafanyaje?

Kwanza ujue haki ni yako tangu ulipoichora, hata kama hujaisajili popote, na inaendelea maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Kusajili COSOTA kunakusaidia kwenye ushahidi, mkifika mahali pa kubishana una cheti na yeye ana maneno. Pili, ukimuuzia mtu picha umemuuzia ile picha, hujamuuzia ruhusa ya kuichapa kwenye vikombe na kalenda, hiyo ni biashara nyingine na iandikwe peke yake.

Kivitendo mimi nina tabia moja: kila kazi naipiga picha ikiwa nusu, brashi ipo ukutani na mkono wangu unaonekana. Mwizi ana picha iliyomalizika. Hana ile ya katikati.

Kazi za maofisi ya serikali Mtumba zinapatikanaje? Mpaka umjue mtu?

Kumjua mtu kunasaidia kila mahali, tusidanganyane. Ila manunuzi ya serikali siku hizi yanapita mtandaoni kwenye mfumo wa NeST, unajisajili mwenyewe, na sheria inatenga asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu, vijana na wanawake wamo humo. Kuingia peke yako na TIN moja ni kazi ngumu, ingieni kama kikundi kilichosajiliwa, mchoraji, mtu wa vibao, mtu wa kuchapa, mtu wa ushonaji. Usitegemee kuona tangazo limeandikwa "tunatafuta sanaa". Utaona vibao, zawadi za wageni, mapambo ya ukumbi, banda la maonyesho. Nane Nane pale Nzuguni peke yake mabanda yanahitaji kuchorwa kila mwaka na watu wanakumbuka wiki ya mwisho.

Mambo mawili ya kuwa nayo macho. Usianze kazi ya ofisi bila LPO mkononi, ile karatasi ya ofisi ya kuagiza kazi, "anza tu karatasi zinakuja" ni wimbo wa zamani. Na mwaka wa fedha unaisha 30 Juni. Ukikabidhi kazi tarehe 28 Juni na invoisi yako ikalala, unaweza kujikuta unasubiri bajeti mpya, na kusubiri huko kuna njaa yake. Mimi kazi za ofisi nataka ziwe zimekabidhiwa mwezi wa tano. Pia ukilipwa huduma watakukata asilimia 5 ya kodi ya zuio, sio wizi, wadai cheti cha zuio ukitunze, utakihitaji TRA.

Mtaji je?

Kuna mikopo ya halmashauri ile ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu, inatolewa kwa vikundi na haina riba. Kuna pia Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unaokopesha wasanii. Mimi mwenyewe sipendi mkopo kwa msanii ambaye hajawahi kuandika hesabu zake hata mwezi mmoja. Ukinunua mashine ya kuchapa kwa mkopo na hujui picha moja inakuingizia ngapi, utairudisha mashine na deni libaki. Anza na daftari la shilingi elfu moja.

Nikasomee wapi?

TaSUBa Bagamoyo ndo chuo chenye jina, kilianza 1981 kama Chuo cha Sanaa. UDSM wanafundisha, na hapa hapa UDOM sanaa ipo. Ukitaka mkono tu uwe mwepesi na uanze kula haraka, VETA wana fani ya upakaji rangi na uandishi wa alama, na usiidharau, herufi zikikunyookea hulali njaa. Shule nzuri kuliko zote kwangu ilikuwa kumshikia mzee mmoja wa vibao ngazi kwa mwaka na nusu pale karibu na Jamatini. Hakunifundisha kuchora. Alinifundisha kuongea na mteja.

Nichore nini ili kiuzike? Tingatinga bado inalipa?

Tingatinga ina historia ya kuheshimu, Edward Saidi Tingatinga alianza 1968 pale Oyster Bay, anachora kwa rangi za mafuta zinazong'aa juu ya vipande vya ubao wa ceiling board vya mraba, akafa 1972 akiwa hajafaidi sana, na wanafunzi wake ndo waliokuja kuifanya ijulikane dunia nzima. Lakini soko lake kubwa ni watalii, na watalii hawashuki Dodoma kwa wingi. Mteja wa Dodoma ni mtumishi kajenga, ni mwenye lodge, ni shule binafsi, ni mbunge anataka zawadi ya kumpa mgeni. Huyo anataka kitu ambacho akikiangalia anasema "hapa ni kwetu".

Na kwetu kuna mali. Umeshafika Kolo? Mbele ya Kondoa ukielekea Babati, michoro ya miambani imo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2006. Nilikwenda mara ya kwanza nikiwa na miaka 29, aibu kabisa, nimezaliwa mkoa huu huu. Watu wembamba warefu wamechorwa kwa wekundu, vichwa vimekaa kama vina nywele za kutimka, na mwanya wa mwamba kautumia mchoraji kama mgongo wa mnyama. Nilikaa chini nusu saa. Usiende kunakili ile michoro na kuiuza, nenda uangalie mtu asiye na duka la rangi alivyotumia mstari mmoja pale ambapo wewe unatumia kumi.

Mimi ni wa ngoma, sio mchoraji. Kuna chochote kwangu?

Bei, advansi na karatasi ni vile vile, na nyie mnaibiwa kuliko sisi, maana kikundi cha watu kumi na tano kinapandishwa kwenye fuso asubuhi kwenda kucheza mapokezi, kinarudishwa jioni na soda. Hesabu kichwa kwa kichwa, nauli, chakula, siku ya kazi, ndo utaje bei. Na msione Cigogo, muziki wetu wa Wagogo, ni cha kijijini. Hukwe Zawose alitoka Doguli hapa hapa Dodoma na ilimba yake (ile ya kupiga kwa vidole gumba) na zeze la nyuzi, akasikilizwa Ulaya yote mpaka anafariki 2003, na alikuwa anaimba Kigogo chake. Tamasha la muziki wa Cigogo pale Chamwino nendeni hata kama hamjaalikwa kupiga, wanaokuja pale ndo wanaotafuta vikundi.

Vumbi na upepo unafanyaje? Picha zangu zinakuwa na mchanga

Hahaha, hili linaulizwa na watu wa Dodoma tu. Kuanzia mwezi wa sita upepo unakuja kama una kisasi, rangi ya mafuta haijakauka ishashika vumbi. Mimi naamka saa kumi na moja alfajiri, naweka rangi za juu kabla ya saa nne, kisha picha inaingia ndani inageuziwa ukutani. Sakafu namwagia maji kidogo kabla ya kuanza. Siku hizi natumia zaidi akriliki kwa sababu inakauka upesi, vanishi napiga ndani, madirisha yamefungwa, na mtu akifungua mlango wakati huo hatuelewani.

Akili mnemba itatumaliza?

Kazi za poster za bei chee imeshazila, hizo tusilie. Ila hakuna simu inayopanda ngazi kuchora ukuta wa shule Nkuhungu.

Niache kazi yangu nifanye sanaa tu?

Una miezi sita mfululizo sanaa imekulipia kodi na chakula? Kama bado, usiache. Niliuza vocha na kuchora miaka mitatu, na vocha ndo zilinipa jeuri ya kukataa bei mbovu, maana mwenye njaa hawezi kutaja bei akanyamaza.

Naweza kuja kukaa na wewe kibandani nijifunze?

Njoo, lakini njoo asubuhi kweli, na uje na nguo ya kuchafua. Upepo ukianza siongei na mtu. Na kama utanikuta juu ya ngazi, kabla hujasalimia, ishike kwanza.